Mshona kofia anayepima miaka kwa uzi

MOCÍMBOA DA PRAIA. Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, jua limeshafika barazani, na Kuluthumu Buanali ana sindano mdomoni. Salamu anaijibu kwa kichwa. Amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na mapajani ametandaza kipande cha bafta nyeupe kinachoteremka mpaka sakafuni.

Anaitoa sindano mdomoni na kumkaribisha mgeni. "Karibu ukae. Ila usikalie elfu mbili na ishirini."

Mwandishi wa makala haya anasogea haraka. Kweli, alikuwa karibu kuukalia mwaka mzima. Kitambaa kimechorwa miraba kwa penseli, na kila safu ya kusimama ni mwaka mmoja, kuanzia 2014 mpaka 2025. Nyuzi za rangi zinaanza zote kwenye kitundu kimoja upande wa kushoto, kisha kila uzi unashika njia yake. Wa kijani ni minazi. Wa njano ni dhahabu. Mweusi ni gunia la mchele. Wa samawati ni vyombo vya kuvulia.

Kuna na mweupe pia, wa fedha iliyofichwa nyumbani, lakini uzi mweupe juu ya bafta nyeupe hauonekani. Mwenyewe anasema amefanya makusudi, na anacheka peke yake.

Kuluthumu ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Quiterajo, akaolewa hapa mtaa wa Nanduadua, na tangu ana miaka kumi na mitatu anashona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia moja humchukua wiki tatu. Huiuza meticais 1,200, na hufika 1,500 mnunuzi akiwa bwana harusi, kwa sababu, kwa maneno yake, bwana harusi habishani bei mbele ya wakwe. Akijumlisha na kutia viraka nguo za majirani, mwezi mzuri humpa meticais 2,500.

Kazi iliyo mapajani mwake leo hailipwi kitu. Ni ya kikundi cha akiba kiitwacho Subira, wanawake kumi na sita ambao tangu warudi mjini wamekusanya meticais 212,000. Jumamosi, yaani keshokutwa, wanakutana kuamua fedha hiyo iende wapi. Yeye mwenyewe ana 18,000 humo ndani, na hana nyingine popote.

Kitambaa hakijakamilika. Inapopasa kuwa na nyuzi tano nyembamba za samawati, zipo mbili tu. Mwandishi anauliza tatu ziko wapi. Kuluthumu anatazama mlango wa nyumba yake, kisha anasema bado.

Mambo yalianza na karatasi.

Mwezi wa pili Muzamil, kijana wa miaka thelathini na moja ambaye wazazi wake ni wa Mtwara na ambaye hununua samaki na kuwasafirisha kwa barafu, aliwajia akinamama wa Subira na pendekezo. Anatengeneza chombo cha pili na anatafuta washirika. Alikuwa na karatasi iliyochapwa kwa rangi, yenye mistari miwili. Mstari wa chombo chake cha kwanza ulipanda kama ngazi ya kuezekea makuti. Mstari wa minazi ulilala chini yake. Aliyeweka mia kwenye chombo mwaka 2022, alisema, leo ana mia mbili na sitini. Aliyeweka mia kwenye minazi ana mia na arobaini.

Akinamama waliipenda ile karatasi. Ilipita mkono kwa mkono, na wengi wao siku hiyohiyo walikuwa tayari kutoa fedha yote. Walimwomba Kuluthumu aikague kwanza, si kwa kuwa amesoma sana, darasa la tano ndilo alilofika, bali kwa kuwa kofia ya viua haishoneki na mtu asiyejua kuhesabu miraba.

Aliikagua. Kila tarakimu ilikuwa kweli. Akaihamisha kwenye bafta ili hata wasiosoma waione vizuri, akaongeza dhahabu na mchele, zote kuanzia 2022. Kazi ya wiki sita. Alipoitundika mbele ya wenzake, vyombo vilikuwa juu kuliko kila kitu.

Ndipo Chamima, mjane ambaye katika kikundi kizima huwa hasemi sana, alipouliza swali.

"Na chombo cha mwanangu tulichokiuza Pemba, hapa kiko uzi gani?"

Pemba aliyoitaja ni mji wa kusini walikokimbilia wengi, si kisiwa, na chombo kilichouzwa huko hakikuwa kwenye uzi wowote.

Mtu wa nje atashangaa ilikuwaje wanawake kumi na sita wasilione hilo. Asiyeshangaa ni mwenyeji. Hapa Mocímboa, ukimuuliza mtu biashara yake ina umri gani, atakwambia tangu turudi. Paa limeezekwa mwaka wa pili wa kurudi. Mtoto ametahiriwa mwaka wa kwanza wa kurudi. Mji ulivamiwa ukabaki mtupu tangu Agosti 2020, watu wakaanza kurejea katikati ya 2022, na tangu hapo kalenda ya watu ilianza upya. Yaliyokuwa kabla ya hapo hutajwa kwa kifupi, na kwa sauti ndogo, kisha mtu hubadilisha mazungumzo.

Kuluthumu alifanya kama kila mtu afanyavyo. Aliihesabu dunia kuanzia siku ya kurudi.

"Nilianzia pale penye shimo," anasema sasa. "Chombo kilichokuwa kinaelea siku ile tuliyorudi ndicho nilichokishona. Vilivyoungua sikuvishona, maana havikuwepo. Sasa kama unavihesabu vilivyopona peke yake, chombo gani hakitakuwa kizuri?"

Muzamil naye hakudanganya, na Kuluthumu hataki aandikwe hivyo. Kijana alifika hapa mwaka 2022. Alianza pale alipofika.

Alifumua kazi yote ya wiki sita, uzi kwa uzi. Anasema kufumua kulimuuma kuliko kushona, na mtu yeyote aliyewahi kufumua viua anajua hatii chumvi. Akachora upya kuanzia 2014, mwaka kikundi kilipoanzishwa. Bei za wakati ule walizikumbuka kwa harusi na misiba, wakabishana, wakapatana.

Hapo ndipo alipojitungia masharti, na masharti hayo ndiyo yanayokifanya kitambaa hiki kitazamwe kwa heshima. Kila kitu kinaanza na mia, liwe shamba la elfu thelathini au hereni za elfu mbili, ili asiwepo wa kuanza mbele ya mwenzake. Nazi zilizouzwa na samaki waliogawanwa huongezwa. Fedha ya kutengeneza injini hutolewa. Na uzi mweusi wa mchele lazima uwepo, kwa kuwa gunia lililokuwa meticais 700 mwaka 2014 leo ni 1,750. Mia imekuwa mia mbili na hamsini. Kitu chochote kilichobaki chini ya uzi mweusi kimepotea, hata kama mwenyewe anakiona kimekua.

Sharti jingine lilimchukua mwandishi muda kulielewa, naye aliwahi kupata alama ya hesabu ambayo mama yake hajaisahau. Kwenye karatasi ya Muzamil, kila hatua kwenda juu ilikuwa idadi ileile ya meticais. Kwa hiyo chombo cha laki mbili kikikua maradufu kinaonekana mlima, na hereni za mjane zikikua maradufu hazinyanyuki hata kidogo. Kuluthumu alikataa. Kwake, kukua maradufu ni vidole viwili kwenda juu, basi. Kutoka mia hadi mia mbili ni vidole viwili. Kutoka mia mbili hadi mia nne ni vidole vilevile viwili. Mwenye kidogo na mwenye kingi wanapimwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Na sharti la mwisho ni lile la Chamima. Kila kilichokuwepo mwaka 2014 kihesabiwe, kiwe kipo leo au hakipo.

Walianza na dhahabu, na mambo yalikwenda vizuri. Wanawake tisa walikuwa na hereni au bangili mwaka ule. Wawili bado wanazo, na kwao mia imekuwa mia tano. Saba waliziuza njiani au Pemba kwa nusu ya bei, wakapata kama mia na hamsini. Ukiwachanganya wote tisa unapata mia mbili na ishirini na nane, chini ya mchele.

Nazira, mmoja wa wale saba, alikataa kuitwa aliyepata hasara. Alisema hereni zake hakuzipoteza, alizila, na watoto wake wanne walizila pamoja naye, na wote wako hai. Kuluthumu alifikiri siku mbili. Uzi wa Nazira ameuacha palepale hesabu ilipouweka, lakini mahali dhahabu ilipouzwa amefunga kifundo kidogo. Mwenye kusoma kitambaa anajua kifundo maana yake kililiwa. Kilichoteketea bure, uzi wake unakatwa.

Minazi nayo ilipita. Mashamba sita, likiwemo moja lililoungua lote, yalifika mia tatu na kumi, juu ya mchele kwa kiasi cha kuridhisha.

Vilipofika vyombo, kazi ikasimama.

Mwaka 2014 nyumba tano za kikundi zilikuwa na chombo. Cha mume wa Laila kilipona, na leo ni mia sita na ishirini. Cha mtoto wa Chamima kiliuzwa kwa arobaini kati ya ile mia ya mwanzo. Vitatu viliungua ufukweni. Wenye viwili kati ya hivyo walimwambia Kuluthumu kwa upole, lakini kwa maneno yanayoeleweka, kwamba watakubali vyao vishonwe siku watakapokiona cha tatu.

Cha tatu ni cha Shaweji, mume wake.

Ukipiga hesabu utaona uzito wa jambo hili. Kwa vyombo viwili tu, wastani ni mia tatu na thelathini, juu ya mchele na juu ya minazi, na akinamama wataweka fedha yote kwenye chombo wakiamini kitambaa kimewaambia hivyo. Ili wauone ukweli, mwanamke mmoja ilibidi atundike mbele ya nyumba kumi na sita hasara ambayo mumewe hajaitaja kwa miaka mitano.

"Sijamwomba," anasema, macho yakiwa kwenye sindano. "Naona haya kumwomba. Na naona haya kwenda Jumamosi na kitambaa nusu. Usiku silali vizuri, nikwambie kweli."

Shaweji ana miaka hamsini na nne. Alinunua chombo chake na injini kwa meticais 90,000, fedha ya shamba la marehemu baba yake. Siku mji ulipovamiwa, jirani alimwita wapakie watoto na waondoke kwa bahari. Shaweji alisema fujo itaisha kwa wiki moja. Alikiburuta chombo mpaka nyuma ya mikoko, injini akaizika kwenye mchanga, na familia ikatoka kwa miguu. Walitembea siku nne, wakapita Awasse, mtoto wao Fauzi akiwa na homa. Fauzi alipona. Chombo hakikupona.

Mambo haya mwandishi aliyasikia kwa Shaweji mwenyewe, siku hiyohiyo ya Alhamisi, na hakuyauliza.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Alirudi kutoka pwani na sindano yake ya kushonea nyavu mkononi, kwa kuwa siku hizi hutengeneza nyavu za wenzake. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akatazama kitambaa. Mkewe aliendelea kushona mahali ambapo, kwa kuangalia tu, hapakuwa na haja ya kushona.

Akauliza safu ya mwaka 2014 ni ipi. Akaonyeshwa. Akaanza kusema, pole pole, huku anatazama ua. Elfu tisini kununua. Mwaka wa pili kimeshajirudishia nusu. Mwaka 2019 kimbunga kilikivunja ubao wa mbele, elfu saba kutengeneza. Alizikumbuka zote. Kuluthumu alichukua penseli, akawa anatia nukta, hanyanyui uso. Alipofika 2020 Shaweji aliieleza ile wiki moja aliyoiahidi, akaieleza yote.

Mkewe akachukua mkasi mdogo. Kwa masharti yake, hapo uzi hukatwa.

"Usiukate, mama Fauzi," alisema Shaweji. "Ile injini niliifukua tulivyorudi. Nkaiuza elfu tisa. Ushushe uzi mpaka kwenye elfu tisa, lakini usiukate."

"Ndiyo, baba Fauzi."

Aliushusha. Ulikuwa mteremko mrefu, karibu mpaka kwenye pindo. Kwa ile elfu tisa Shaweji alinunua wavu wa dagaa uliotumika, ambao huwakodisha wenye vyombo, na ukiuhesabu wavu pamoja na alichokwisha kupata, leo ni elfu kumi na nane, yaani ishirini kati ya ile mia ya mwanzo. Kuluthumu alipomaliza nukta ya mwisho aliingia ndani kuchukua maji ya kunywa, na alikaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Jioni ile mwandishi alimkuta Shaweji kwenye nyumba ya mmoja wa wale wawili wenye vyombo vilivyoungua, kisha ya wa pili. Alikwenda mwenyewe kuwaambia cha kwake kimeshashonwa.

Jumamosi saa tatu, kitambaa kimetundikwa kwenye ukuta wa baraza la Laila kwa misumari minne. Nyuzi nyembamba za samawati zipo tano. Mbili zimekatwa mwaka 2020. Moja ina kifundo. Uzi mnene unaovichanganya vyombo vyote vitano unaishia mia na thelathini na sita, chini kabisa ya mchele.

Kuluthumu hakuhutubia. Alisimama kando na fimbo ya mwanzi, akafuata uzi mmoja mmoja, na kila mtu aliyetaka alikwenda kuugusa. Muzamil alikuwepo, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, akatazama muda mrefu kuliko wote.

"Shangazi, mie nilianza pale nilipofika," alimwambia.

"Najua, mwanangu. Nami nilianzia hapohapo."

Kuluthumu hakuwaambia minazi ni salama. Aliwaonyesha miaka miwili ambayo uzi wa kijani umelala kabisa, watu wakiwa hawapo wa kuangua, akasema kitambaa kinajua yaliyopita tu. Laila aliuliza kwa nini wasinunue mchele wenyewe wakauweka, na akajibiwa na wenzake watatu kwa pamoja kuhusu fukusi wanaotoboa nafaka. Ubishi ulichukua saa nzima.

Mwisho waliamua hivi: 120,000 inunue shamba la minazi kusini mwa mji, 40,000 iingie kwenye chombo cha Muzamil, na 52,000 ibaki mpaka mwakani. Chamima, ambaye akiba yake yote iko humo, ndiye aliyetaka chombo kisiachwe kabisa. Alisema watu wa pwani wakiogopa bahari watakula nini. Muzamil alikuwa anatarajia laki mbili na kitu, lakini aliipokea arobaini kwa mikono miwili, akaomba apigwe picha na kitambaa.

Watu walipokwisha kutawanyika, Shaweji alikuja kumsaidia mkewe kung'oa misumari. Hakuing'oa. Alisimama mbele ya kitambaa, akautafuta uzi wake kule chini karibu na pindo, akaweka vidole kwenye mwaka 2022 na kuvipandisha mpaka mwisho. Vidole viwili. Kisha akanyoosha mkono juu, kwenye uzi wa mume wa Laila, chombo pekee kilichopona, akapima kuanzia mwaka uleule. Mia tatu na kumi hadi mia sita na ishirini. Vidole viwili.

Alipima tena, kama fundi asiyeamini rula.

"Tunakwenda sawa," alisema.

"Tangu turudi," alijibu mkewe.

Baada ya Idi, Kuluthumu anakusudia kwenda Quiterajo, alikozaliwa, ambako kikundi cha wanawake kimemwomba akawafundishe. Ameshanunua bafta, meticais 300, na penseli mbili. Anataka wao waanze na vilivyokufa, wasipite njia aliyopita yeye. Cha Subira hakijaisha, kwa maana upande wa kulia ameacha miraba mitupu ya miaka kumi mingine, na kila Januari atakaa barazani kuzisogeza nyuzi mbele.

Kwa sasa amekikunja na kukiweka kabatini juu ya kofia. Nyuzi zote amezifunga kwa nyuma, kama kazi inavyotaka, isipokuwa mmoja. Wa Shaweji ameuacha umetungwa kwenye sindano, ukingoja Januari.